Mbuga ya Ikona Haina Miezi ya Bure

Ukifika Robanda, wilayani Serengeti, mwezi Februari, unaweza kuikuta mbuga iko kimya ukajiuliza kwa nini isilimwe. Jibu limo katika mwendo wa mvua.

Vijiji vya Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Makundusi na Nata Mbiso vilitenga ardhi yao kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, yenye takriban kilomita za mraba 240, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Mwezi Februari nyumbu wako kusini, kwenye nyanda za majani mafupi. Udongo wa kule umetokana na majivu ya volkano, na majani yake yana madini yanayomfaa mama anayenyonyesha. Ndiyo maana huzalia huko. Lakini udongo huo una kina kifupi. Masika yakikatika, hukauka upesi. Makundi huelekea magharibi na kaskazini, kwenye mvua nyingi zaidi, na kati ya Mei na Julai hupita Ikona.

Hata malisho yana zamu. Pundamilia hutangulia na kula mabua marefu magumu. Nyumbu hufuata majani ya chini. Swala tomi humalizia machipukizi laini.

Kiangazi kikikaza, uhai hukusanyika kandokando ya Mto Grumeti. Mbega hubaki katika miti yake mibichi, huku viboko na mamba wakibanana kwenye madimbwi yaliyosalia. Vuli ikianza, kumbikumbi huruka na korongo weupe huwasili kutoka Ulaya kula wadudu.

Kwa hiyo miezi ya kimya ndiyo miezi ambayo majani hukua kwa ajili ya wageni wa Juni, na nyamera, swala pala na twiga wasiohama huendelea kuyategemea makazi hayo.

Wanakijiji hulipa gharama kubwa. Tembo huingia mashambani mahindi na mtama vinapokomaa, na usiku mmoja unatosha kuifilisi kaya. Kulima ndani ya mapito yao huzidisha hasara hiyo. Mpango wa matumizi ya ardhi uheshimiwe mwaka mzima, na mapato ya utalii yamfikie kwanza aliyepoteza mavuno. Bila haki hiyo, hatuwezi kumwomba mkulima aiache mbuga wazi.