Mwalimu wangu na hesabu ya pensheni

Juzi nilikuwa Isiolo, nikapita kumwamkia mwalimu aliyenisomesha darasa la nne kabla hajahamishiwa huko. Amebakisha wiki mbili tu kufikisha miaka 60, umri wa kustaafu uliopandishwa kutoka 55 mwaka 2009. Nilimkuta akisahihisha madaftari, lakini moyo uko kwenye makaratasi.

"Mwanangu, hesabu nimefundisha, ya pensheni yangu siijui."

Tukaketi tukaipiga. Miezi ya utumishi huzidishwa kwa mshahara wa msingi wa mwaka, kisha hugawanywa kwa 480. Aliyefundisha miaka 30, yaani miezi 360, hupata robo tatu ya mshahara huo. Robo ya pensheni anaweza kuichukua kwa mkupuo, ikizidishwa mara 20. Inayobaki hulipwa kila mwezi. Wenye umri mdogo wako kwenye mpango ulioanza Januari 2021: wao hukatwa asilimia 7.5, serikali huongeza 15.

Ndugu msomaji, kama mzazi wako ni mwalimu, muulize leo: jina la kitambulisho linalingana na la barua ya ajira? Herufi moja yaweza kuchelewesha haki ya umri mzima.

La maalim wangu halilingani. Inshallah Jumatatu tunaanza kulirekebisha.