Wimbo Ulioitangulia Nchi

Desemba 9, bendi inapopiga Mungu Ibariki Afrika mbele ya gwaride, ni rahisi kudhani kwamba wimbo huo na nchi yenyewe vilizaliwa siku moja. Tarehe zinakataa. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, ilhali tuni hiyo ilitungwa mwaka 1897, miaka 64 kabla. Mtunzi wake, Enoch Sontonga, alikuwa Mxhosa, mwalimu katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Alifariki mwaka 1905, wakati nchi yetu ingali chini ya Wajerumani na haijaitwa Tanganyika. Wimbo uliotungwa na mtu asiyeijua nchi umekuwaje wimbo wa nchi hiyo? Jibu langu ni kwamba mtunzi hutunga wimbo tu. Wanaoufanya kuwa wa taifa ni waimbaji, na kazi hiyo huwachukua miaka mingi. Ndiyo maana sikukuu ya tarehe moja haiwezi kuueleza.

Tuitazame safari yake. Sontonga aliandika ubeti mmoja na kiitikio kwa Kixhosa, kwa sauti nne, akitumia solfa. Jambo hili la solfa ni zito kuliko linavyoonekana. Do, re, mi huandikwa kwa herufi za kawaida, kwa hiyo mwalimu asiye na kinanda wala kitabu cha noti aliweza kuunakili wimbo kwenye daftari, akauandika ubaoni na kuigawia kwaya sauti zake. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji. Januari 8, 1912, kwaya ya shule ya Ohlange iliuimba Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje aliurekodi London. Mwaka 1925 chama hicho kikaufanya wimbo wake. Na mwaka 1927 mshairi S.E.K. Mqhayi akauongezea beti saba. Katika muda huo wote hapakuwa na serikali iliyoamuru uimbwe. Ulibebwa na shule, kanisa na chama, na dola zilipokuja ziliukuta umeshakomaa vinywani mwa watu.

Wapo wanaosema kwamba wimbo wa kuazima ni aibu, na kwamba taifa lenye heshima hutunga wake. Hoja hii ina uzito wake, kwa kuwa wimbo wa taifa ni alama ya kujitofautisha na wengine. Lakini tuni ilikuja bila kuyafunga maneno. Kwa Kiswahili ubeti wa kwanza unaiombea Afrika na wa pili unaiombea nchi, na baada ya Muungano wa 1964 jina la Tanganyika lilitoka likaingia la Tanzania. Zambia mwaka huohuo iliichukua tuni hiyohiyo ikaitungia maneno mapya kabisa. Wala aliyetafuta wimbo wa nyumbani hakuanza na karatasi tupu: jopo lililoandaa wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963 liliujenga juu ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Kenya iliazima ndani ya mipaka yake, Tanzania nje, na katika nchi zote mbili tuni ilikuwa na wenyewe kabla ya kuwa na bendera.

Mwingine atauliza: ikiwa waimbaji ndio kila kitu, kuna haja gani ya kumkumbuka mtunzi? Kaburi lake linajibu. Baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kukoma mwaka 1994, Afrika Kusini ilipotaka kumuenzi Sontonga, ilitaabika kulipata kaburi hilo katika makaburi ya Braamfontein, kwa kuwa kwenye rejista aliandikwa Enoch tu, bila jina la ukoo. Lilipatikana, na Septemba 24, 1996, Siku ya Urithi, likatangazwa kuwa mnara wa taifa mbele ya Rais Nelson Mandela. Wimbo haukumhitaji ili uishi, lakini waliouimba walikuwa na deni kwake, na sikukuu ni njia mojawapo ya kulilipa.

Basi Desemba 9 ibaki siku ya dola, wala isibebeshwe historia ya wimbo. Historia hiyo iko karibu zaidi na mstari wa asubuhi shuleni, ambako watoto wa Tanzania huuimba bila bendi, kwa sauti walizofundishwa na mwalimu. Sontonga naye aliutunga ili wanafunzi wake wauimbe.