Mahali pa Kuvunjia Motokaa Kuukuu

Kila kitu kilichoundwa na mkono wa mtu kina mwisho wake. Nguo huchakaa ikawa tambara, nyumba hubomoka ikawa kifusi, na motokaa nayo huzeeka hata isiweze kwenda tena. Lakini tambara halimdhuru mtu. Motokaa iliyokufa ina vitu ndani yake viwezavyo kumtajirisha mtu, na vingine viwezavyo kumwua. Kwa sababu hiyo mahali pa kuivunjia hapachaguliwi ovyo. Pana sheria juu ya mahali hapo, na kila mtoto wa mjini yampasa kuijua, kwa maana huenda siku moja mahali hapo pakatakiwa karibu na nyumba yao.

Motokaa nyingi zipitazo katika barabara za Dar es Salaam hazikuja zikiwa mpya. Zilitumika kwanza katika nchi nyingine, hasa Japani, kisha zikapakiwa melini na kuteremshwa bandarini. Zifikapo zimekwisha kula nusu ya maisha yao. Mji wenyewe umekua mno: katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, mkoa wa Dar es Salaam ulionekana una watu zaidi ya 5,300,000. Watu wakizidi, motokaa huzidi; na motokaa zikizidi, mizoga yake nayo huzidi. Ukienda pembezoni mwa mji, upande wa Temeke au upande wa Kinondoni, utaona nyuma ya gereji magari yasiyo na tairi wala vioo, majani yameota hata mlangoni, na kuku wamefanya viota katika viti.

Mtu asiyejua hudhani ya kuwa vitu hivyo ni takataka tu. Sivyo. Zaidi ya nusu ya uzito wa motokaa ni chuma, na chuma hakifi. Hupelekwa katika kiwanda, kikayeyushwa kwa moto wa digrii 1,500 hivi, kikawa nondo za kujengea nyumba. Injini ina alumini, nayo huyeyushwa na kufanywa sufuria. Nyaya zina shaba. Tairi kuukuu hukatwa zikawa katambuga. Mafundi wa Gerezani wamejulikana tangu zamani kwa kazi za namna hii: bati lililokuwa mlango wa gari hugeuka jiko la mkaa, na spea iliyotoka katika gari lililokufa hufufua gari jingine. Hii ni kazi ya halali, nayo hulisha nyumba nyingi. Wala si vijana wa Dar es Salaam peke yao waishio kwa kazi hiyo. Huko Kumasi, katika nchi ya Ghana, liko eneo kubwa liitwalo Suame Magazine, ambalo mafundi wake wana sifa ya kutengeneza na kuvunja magari.

Basi shida iko wapi? Shida ni vile vitu visivyoonekana na mpita njia.

Kwanza ni betri. Ndani ya betri mna risasi na tindikali. Tindikali huunguza ngozi na kuharibu udongo inapomwagwa. Risasi huyeyuka kwa digrii 327 tu, yaani moto wa kawaida wa mkaa waweza kuiyeyusha. Na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mtu yeyote aweza kuifanya kazi hiyo uani kwake, akauza vipande au akafanya chubwi za nyavu. Moshi na vumbi lake huingia kifuani na katika chakula. Mtoto huumia kuliko mtu mzima, kwa maana risasi hushambulia ubongo ungali ukikua, ikamfanya mzito wa kujifunza. Waganga wa Shirika la Afya Duniani wamesema ya kuwa hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa hakina madhara. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na mji wa Dakar katika Senegali, watoto 18 walikufa kati ya mwaka 2007 na 2008 mahali ambapo watu walikuwa wakivunja betri na kuchekecha udongo wenye risasi.

Pili ni oili chafu. Ikimwagwa chini huzama pamoja na mvua ya masika hata ikafika kisimani au mtoni. Tatu ni tairi. Zikichomwa hutoa moshi mweusi wenye sumu. Zikiachwa hukusanya maji ya mvua, na mbu hutaga humo. Dar es Salaam imepata maradhi ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu aletaye dengi hupenda sana maji ya namna hiyo.

Sasa yafaa kutazama habari ya Owino Uhuru, mtaa wa maskini ulioko Mombasa, wenye watu wapatao 3,000. Karibu na ukuta wa nyumba zao kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Mwaka 2009 mwanamke mmoja, Bi. Phyllis Omido, aliajiriwa hapo, akapewa kazi ya kusimamia uandishi wa taarifa ya mazingira. Wataalamu walipokwisha kuchunguza, walishauri kiwanda kihamishwe, maana kilikuwa karibu mno na watu. Wakubwa wa kiwanda hawakukubali. Baadaye mtoto wake mwenyewe aliugua, na damu yake ilipopimwa ilionekana ina risasi. Akaacha kazi, akaanza kuwatetea wenyeji. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman, wapewayo watetezi wa mazingira.

Lakini kufungwa kwa kiwanda hakukuondoa risasi katika damu. Wenyeji walikwenda mahakamani mwaka 2016. Tarehe 16 Julai 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi za Kenya 1,300,000,000, ikasema ya kuwa kosa halikuwa la wenye kiwanda peke yao, bali na la vyombo vya serikali vilivyokuwa na wajibu wa kuwalinda. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitangua hukumu hiyo. Kisha Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi wa Desemba mwaka 2024. Hesabu, basi: tangu onyo la wataalamu hata hukumu ya mwisho ilipita miaka kumi na mitano. Watoto waliokuwa mgongoni mwa mama zao walikuwa wamekwisha kuwa vijana.

Jambo la kuangaliwa katika habari hii ni mpango wa siku. Taarifa iliandikwa kiwanda kikiwa kimekwisha kujengwa na moto umekwisha washwa. Mtu aliyekwisha kutoa fedha zake na kusimamisha mitambo hapendi kuambiwa, “Hama.” Shauri lililo rahisi kabla ya kujenga huwa gumu baada ya kujenga. Ndiyo sababu sheria za nchi nyingi zataka ruhusa itangulie na ujenzi ufuate.

Katika Tanzania sheria hiyo ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Yasema ya kuwa kazi kubwa iwezayo kudhuru mazingira haina ruhusa ya kuanza mpaka athari zake zimepimwa na cheti kimetolewa. Tena yasema ya kuwa leseni iliyopatikana kwa sheria nyingine haimpi mtu haki ya kuanza bila ya cheti hicho. Maana yake ni kwamba mtu aweza kuwa na hati ya kiwanja, na leseni ya biashara, na fedha benki, na bado asiwe na ruhusa ya kuvunja hata gari moja.

Ichukuliwe mfano. Kampuni moja yataka kujenga uwanja wa viwanda pembezoni mwa Temeke, na kazi yake iwe ni kuvunja magari tu: huku yavunjwe, huku chuma kibanwe, huku tairi zikatwe, huku betri zihifadhiwe. Je, itapita njia gani?

Itaanza na ardhi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yataka kila mji uwe na mpango uonyeshao mahali pa nyumba, pa maduka, pa shule na pa viwanda. Dar es Salaam ilipata mipango mikuu mwaka 1949, na 1968, na 1979. Lakini mji ulikwenda mbio kuliko karatasi, na watu wengi walijenga mahali pasipopimwa. Kwa hiyo mara nyingi shamba litakiwalo na kampuni limekwisha kuzungukwa na nyumba. Ikiwa ardhi yenyewe imewekwa kwa makazi, kampuni haina budi kuomba matumizi yake yabadilishwe, na halmashauri ya manispaa hulipima ombi hilo.

Kisha hutazamwa maji. Sheria ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu, na kazi ziwezazo kudhuru, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Jambo hili lina uzito katika Temeke, kwa sababu huko hupita mto Kizinga, ambao maji yake husafishwa Mtoni na kunywewa na watu wa mjini. Oili iliyomwagwa juu ya mto hushuka mpaka mtungini.

Baada ya hayo huja kazi ya kupima athari. Kampuni huwalipa wataalamu walioandikishwa, nao huchunguza udongo, maji, hewa, kelele na njia za malori. Huandika madhara wanayoyatazamia, na namna ya kuyazuia, na mahali pengine ambapo pangefaa zaidi. Tena hawaruhusiwi kuandika wakiwa ofisini tu. Sheria yawataka wawasikilize watu watakaoguswa na kazi hiyo. Ndipo mwenyekiti wa mtaa aitapo mkutano, na mama ntilie, na fundi, na mvuvi, na mwalimu, wote wana haki ya kusema, na maneno yao huandikwa. Andiko likiisha hupelekwa kwa wakuu wa mazingira, nao hulikagua pamoja na watu wa idara mbalimbali. Wakiridhika, cheti hutolewa pamoja na masharti yake. Masharti yakivunjwa, cheti chaweza kufutwa.

Watu wengi huuona mkutano huo kuwa jambo dogo. Wengine hawaendi, wengine huenda ili wapate soda, wakatia sahihi, wakarudi nyumbani. Mwenye busara huenda na maswali. Upepo wa kusi ukivuma, moshi utaelekea wapi? Na wa kaskazi je? Maji ya masika yatapita wapi yakitoka uwanjani? Betri zitayeyushwa hapa, au zitahifadhiwa tu na kupelekwa penginepo? Sakafu itakuwa ya saruji, au ni mchanga mtupu? Nani atapima damu ya wafanya kazi, na mara ngapi kwa mwaka? Swali lililoulizwa na kuandikwa huwa shahidi. La moyoni hufa na mwenyewe.

Hata hivyo si haki kukataa kila kiwanda. Magari yatakufa tu, watu wakitaka wasitake. Yasipovunjwa mahali palipotengenezwa, yatavunjwa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, watoto wakitazama. Uwanja mzuri huanza kwa kukamua oili na maji yote ya gari, ukaitoa betri na kuiweka mahali pakavu penye kuta, ndipo shoka na moto vifuate. Nchi nyingine zimefika mbali katika jambo hili. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitoa amri mwaka 2000, iliyotaka hata ifikapo mwaka 2015 asilimia 95 ya uzito wa gari lililokufa itumike tena isitupwe. Japani nayo ilianza kuitumia sheria yake ya magari kuukuu mwaka 2005, na mwenye gari hulipa gharama ya kulivunja mapema.

Tena liko neno la wale mafundi wadogo. Uwanja mkubwa ukifunguliwa kwa matajiri tu, kijana aliyeishi kwa nyundo na tindo atafukuzwa gerejini asipate pa kwenda, naye atarudi kuvunja betri usiku kwa siri. Kwa hiyo ruhusa iliyo njema haiulizi habari za moshi na maji peke yake. Huuliza pia ni nani atakayepata nafasi ndani ya ukuta, na kwa kodi gani.

Wazee walisema, tahadhari kabla ya hatari. Cheti cha mazingira ni tahadhari iliyoandikwa kwa wino. Chaonekana kuwa karatasi tu, nacho huchelewesha kazi miezi mingi, na wenye haraka hukichukia. Lakini watu wa Owino Uhuru wangalifurahi kama wenye kiwanda wangalicheleweshwa miezi mingi, kuliko wao kungoja haki miaka kumi na mitano.