Safari Fupi ya Wawili Nchini Hispania: Kipi Kilipwe Kwanza

Tangazo la safari ya siku nne au tano katika mji wa Hispania kwa kawaida huonyesha bei moja tu: watu wawili, tiketi za ndege, hoteli na kifungua kinywa, kwa jumla ya kiasi fulani cha fedha. Nyuma ya bei hiyo moja kuna mikataba au malipo yasiyopungua matano: kuna ada ya viza, shirika la ndege, mwenye hoteli, kampuni ya bima, na wakala aliyeviunganisha vyote. Kila kimoja kina masharti yake ya kurejesha fedha, na kimoja kikivunjika vingine havivunjiki pamoja nacho. Mteja aliyenyimwa viza bado anadaiwa hoteli, na aliyefutiwa hoteli bado ana tiketi isiyobadilishika.

Kwa sababu hiyo, tunapoulizwa na wenzi wanaotaka kwenda Hispania kwa siku chache ni mji upi ulio mzuri, sisi huanza na swali la malipo: kipi kilipwe kwanza, na kipi kisubiri. Uzuri wa miji tutaufikia.

Viza huamuliwa kwa mtu mmoja mmoja

Raia wa Tanzania anahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen ili kuingia Hispania. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, yaani euro 180 kwa wawili, na hairejeshwi ombi likikataliwa. Kituo kinachopokea maombi kwa niaba ya ubalozi kinaweza kuongeza ada yake ya huduma. Ombi hupokelewa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari, na kwa kuchelewa kabisa siku 15. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu muda huo kufikia siku 45 pale ombi linapohitaji kuchunguzwa zaidi. Wenzi wanaopanga kusherehekea tarehe maalumu, kama vile mwaka wa ndoa, wahesabu kwa siku 45.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba hakuna viza ya familia. Mume na mke wanaweza kuwasilisha maombi siku moja, wakaambatanisha cheti kimoja cha ndoa na barua moja ya hoteli, na bado kila ombi likaamuliwa peke yake. Mmoja hupewa, mwingine hunyimwa. Tuchukue mfano wa wanandoa wa Arusha, mume akiwa mwajiriwa mwenye hati ya mshahara ya kila mwezi, na mke akiwa mfanyabiashara ambaye fedha zake hupita mkononi zaidi kuliko benki. Kipato cha mke huenda ndicho kikubwa, lakini karatasi za mume ndizo zinazosomeka kwa urahisi zaidi. Katika hali hiyo tunashauri mke aambatanishe leseni ya biashara, hati za kodi na taarifa za benki za miezi kadhaa, na barua ya mume inayoeleza kwamba gharama ni za pamoja iwe ya nyongeza tu. Isichukuliwe kuwa inatosha kuziba pengo la karatasi zake.

Kuna kanuni nyingine inayowashangaza wanaofikiri kwamba safari fupi huhitaji ushahidi mdogo wa fedha. Hispania hukadiria kiasi ambacho mgeni anapaswa kuwa nacho kwa kutumia kima chake cha chini cha mshahara wa mwezi: asilimia 10 ya kima hicho kwa kila siku na kwa kila mtu, lakini jumla isipungue asilimia 90 kwa kila mtu, hata kama mgeni atakaa siku mbili. Kwa hiyo anayekwenda kwa siku nne huulizwa kiasi kilekile anachoulizwa wa siku tisa. Kima hicho hupandishwa mara kwa mara, basi kiangalieni katika tovuti ya ubalozi wiki mnayowasilisha maombi.

Sasa tuje kwenye kiini cha makala haya. Kanuni za viza zinataka mwombaji aonyeshe nafasi iliyohifadhiwa ya kwenda na kurudi. Hazimlazimishi awe amekwisha kununua tiketi. Wakala anayesema kwamba ubalozi haupokei maombi bila tiketi iliyolipiwa kikamilifu anampotosha mteja, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya kupotosha katika biashara. Hoteli nayo ihifadhiwe kwa masharti yanayoruhusu kufuta bila gharama hadi siku chache kabla ya kufika, ijapokuwa bei ya masharti hayo huwa juu kidogo. Tofauti hiyo ndogo ya bei ni kinga, na kwa maoni yetu ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika safari nzima.

Bima ya afya ya safari ni ya lazima. Inatakiwa iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen, na ifunike kila siku ya safari. Kabla ya kulipa, ulizeni kama kampuni hurejesha fedha kwa anayeleta barua ya kunyimwa viza, na jibu hilo mlipate kwa maandishi.

Viza ikikataliwa, mwombaji hupewa fomu inayotaja sababu. Ana mwezi 1 wa kuomba uamuzi uangaliwe upya na ofisi ileile ya ubalozi. Ikikubaliwa, kagueni kibandiko hapohapo dirishani: jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuingia na idadi ya siku. Baada ya hapo ndipo fedha isiyorejeshwa itoke.

Njia ya ndege na haki zinazoambatana nayo

Watanzania wengi hufika Hispania kwa kuunganisha ndege, ama katika mji wa Afrika au Ghuba, ama Istanbul, ama katika mji wa Ulaya kama Amsterdam. Kwa macho ya bei njia hizi zinafanana, lakini kwa macho ya haki hazifanani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 261 ya mwaka 2004 humpa abiria fidia ya hadi euro 600 kwa safari ndefu iliyofutwa bila taarifa ya kutosha, au iliyofika ikiwa imechelewa saa 3 au zaidi, ikiwa sababu si jambo lililo nje ya uwezo wa shirika, kama dhoruba. Kanuni hiyo inahusu kila ndege inayoondoka katika uwanja wa Umoja wa Ulaya, bila kujali shirika ni la nchi gani. Lakini kwa ndege inayotoka nje kwenda Ulaya, inahusu mashirika ya Ulaya pekee. Maana yake ni kwamba anayesafiri na shirika la Ghuba hana kinga hiyo akienda Madrid, ila anayo akirudi kutoka Madrid. Malalamiko ya ndege zinazoondoka Hispania hupelekwa kwanza kwa shirika lenyewe, kisha kwa mamlaka ya usalama wa anga ya nchi hiyo, AESA, ambayo haitozi ada.

Safari yote na iwe katika tiketi moja. Tiketi mbili zilizonunuliwa kando kando huweza kupunguza bei, lakini ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri wala kukupangia safari nyingine. Tena, anayepitia Amsterdam au mji mwingine wa Schengen hukaguliwa pasipoti huko, si Madrid. Na tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa mipakani umeanza kuchukua alama za vidole na picha za wageni, jambo linaloweza kurefusha foleni. Saa moja ya kuunganisha ndege haitoshi.

Mji mmoja, si mitatu

Baadhi ya mawakala huuza Madrid, Barcelona na Granada ndani ya siku tano. Inawezekana, kama ambavyo inawezekana kula chakula cha sherehe tatu kwa siku moja. Siku ya kufika na siku ya kuondoka huliwa na viwanja vya ndege, na kila uhamaji baina ya miji huchukua nusu siku hata kwa treni ya mwendokasi, ambayo huchukua takribani saa 2 na nusu kati ya Madrid na Barcelona. Kwa wenzi wenye usiku nne tunapendekeza mji mmoja, na safari moja ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Madrid hulifaa pendekezo hilo. Toledo, mji wa kale wenye makanisa, misikiti ya zamani na masinagogi ndani ya kuta zilezile, uko umbali wa takribani nusu saa kwa treni. Jumba la makumbusho la Prado huingiwa bure saa 2 za mwisho za kila siku: kuanzia saa 12 hadi saa 2 jioni Jumatatu hadi Jumamosi, na saa 11 hadi saa 1 Jumapili. Reina Sofía, ilipo Guernica ya Picasso, hufungwa Jumanne. Kwa hiyo kifurushi kinachotoza kiingilio cha Prado jioni kinauza kitu kisicho na bei, ingawa mwongozaji anayejua kazi yake anastahili ujira wake.

Barcelona ina kanisa la Sagrada Família, lililoanza kujengwa mwaka 1882, na tiketi zake hununuliwa mtandaoni kwa saa maalumu. Anayetegemea kununua mlangoni atarudi na picha za nje tu. Granada ina Alhambra, na hapa tahadhari ni kubwa zaidi: tiketi hubeba jina na namba ya pasipoti ya mgeni, na ukumbi wa kasri za Nasrid una saa yake ya kuingia. Tiketi ya mtu mwingine haikufai. Sevilla ni nzuri sana, ila si mwezi wa Julai au Agosti, joto linapoweza kupita nyuzi 40.

Malazi na matumizi

Nyumba za kupanga kwa siku chache zimewekewa masharti makali. Tangu Julai 2025 nyumba inayotangazwa mtandaoni kwa ukaaji mfupi inatakiwa iwe na namba ya usajili ya taifa. Tangazo lisilo nayo liacheni. Manispaa ya Barcelona imetangaza kwamba haitahuisha leseni 10,101 za nyumba za aina hiyo ifikapo Novemba 2028. Barcelona pia hutoza kodi ya mgeni kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo mara nyingi haimo katika bei iliyotangazwa na hudaiwa mkifika. Hadi tunapoandika, Madrid haina kodi hiyo. Mwenye nyumba akiwaomba taarifa za pasipoti msishtuke: sheria inamtaka awasajili wageni wake kwa polisi.

Mkilipa kwa kadi, mashine huweza kuwauliza kama mnataka kukatwa kwa euro au kwa fedha ya kwenu. Chagueni euro. Chaguo la pili humpa mwenye mashine nafasi ya kuweka kiwango chake cha kubadilisha fedha, na kwa kawaida kiwango hicho humuumiza mteja. Mchana ulizeni chakula cha bei moja kiitwacho menú del día, na msishangae migahawa mingi ikiwa bado haijafungua jikoni saa 1 jioni. Wahispania hula usiku. Maji ya bomba ni haki ya mteja bila malipo tangu sheria ya mwaka 2022. Ayaombe kwa jina hilo, kwa kuwa akisema "maji" tu ataletewa chupa.

Mnunuzi asiyeishi katika Umoja wa Ulaya hurejeshewa kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa anazoondoka nazo, na tangu mwaka 2018 Hispania haina kiwango cha chini cha manunuzi. Dai fomu dukani ukionyesha pasipoti, kisha uithibitishe katika mashine za DIVA uwanjani kabla ya kukabidhi mizigo. Hoteli na chakula havimo.

Likitokea la kutokea katika hoteli, duka au mgahawa, ombeni hoja de reclamaciones. Ni karatasi rasmi ya malalamiko ambayo biashara inatakiwa kuwa nayo na kuitoa bure, na mara nyingi kuitaja tu hulainisha mazungumzo. Lipeni ankara, tunzeni risiti, jazeni anwani yenu ya Tanzania, na ondokeni na nakala yenu.

Malalamiko dhidi ya wakala wa hapa nchini yaletwe kwetu. Tutahitaji mkataba au ujumbe uliotaja kilichoahidiwa, risiti ya EFD kwa kila malipo, uthibitisho wa malipo ya benki au ya simu, tangazo lenyewe kama mlilihifadhi, na fomu ya ubalozi ikiwa shauri linahusu viza. Wakala aliyepokea fedha kwa namba binafsi ya simu na kukataa kutoa risiti ni vigumu zaidi kumfuatilia, basi ombeni risiti siku ya malipo ya kwanza, hata kama ni malipo ya awali tu.