Cheti cha Usimamizi wa Vihatarishi: Ni Kazi Gani, na Hupatikanaje?

Kila nijapo Bungu kwa likizo huulizwa swali lile lile: "Mwanangu, hasa wafanya kazi gani huko Dar es Salaam?" Nikijibu kwamba nasimamia vihatarishi, wazee hutazamana. Mmoja aliwahi kuniuliza kama mimi ni mtu wa zimamoto. Basi, kwa kuwa nilisoma katika shule hii, nami nimeombwa niwaandikie wanafunzi habari za kazi yangu, nitajaribu kueleza ni kazi gani na cheti chake hupatikana kwa njia ipi.

Kihatarishi ni jambo ambalo halijatokea bado, lakini likitokea laweza kuizuia taasisi isifikie lengo lake. Mkulima wa mikorosho avijua vihatarishi vyake bila kufundishwa. Mwezi wa Juni na Julai huogopa ubwiriunga, ndipo akapuliza salfa. Korosho zikianza kuanguka huogopa mvua. Akizifikisha ghalani huogopa unyevu na daraja, na mwisho wa yote huogopa bei. Mwaka 2018 wakulima wa kusini walizikataa bei za wanunuzi, hata mwezi wa Novemba Serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo moja, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa mkulima ayajua hayo yote, mtaalamu wa nini tena? Hapo ndipo nilipokosea mimi mwenyewe, kama nitakavyosimulia.

Chukueni mfano wa chama cha ushirika chochote cha korosho. Mtunza ghala aujua unyevu. Mhasibu alijua deni la benki. Katibu awajua wanunuzi. Kila mmoja ana hofu yake, naye huilinda vizuri. Sasa mvua yanyesha juma zima wakati wa kuokota. Korosho zachelewa, nazo zikifika zimelowa, daraja lashuka, mnada wapita bila mzigo wa kutosha. Kwa utaratibu wa stakabadhi za ghala, uliowekwa na sheria ya mwaka 2005, mkulima hukabidhi mzigo akapewa stakabadhi, na fedha huja baada ya mnada. Kwa hiyo malipo yachelewa, deni la benki lafika siku yake, na wanachama wenye ada za watoto mwezi wa Januari waanza kuuza korosho kwa walanguzi gizani. Mvua ni moja, lakini imepita katika meza zote. Kuitazama njia hiyo yote kwa pamoja ndiko kuitwako usimamizi wa vihatarishi vya taasisi nzima.

Kazi yenyewe huanza na daftari, ambalo maofisini huitwa rejista. Kila kihatarishi huandikwa humo pamoja na chanzo chake, na hupewa alama mbili, kwa kawaida toka 1 hadi 5: moja ya uwezekano wa kutokea, ya pili ya ukubwa wa madhara. Alama hizo huzidishwa, hivyo kubwa kabisa ni 25. Kisha huandikwa cheo cha mtu atakayekiangalia kihatarishi hicho. Kwa maoni yangu safu hiyo ya cheo ni bora kuliko alama zote, maana nimeona rejista nzuri sana, zenye rangi nyekundu na kijani, ambazo hakuna mtu hata mmoja aliyejua kwamba jina lake limo.

Wala si kila hatari hukimbiwa. Wenzetu wa bonde la Rufiji hujenga madungu mashambani ili maji yapite chini, na mafuriko yakiisha hulima mlau katika udongo uliobaki na unyevu. Hatari ile ile ndiyo iletayo rutuba. Lakini mafuriko ya Aprili 2024 yaliyopiga Rufiji na Kibiti yalionyesha pia kwamba dungu lina kimo chake. Mtaalamu hutakiwa kusema kimo hicho ni kipi kabla maji hayajaja.

Sasa habari za cheti. Vipo vingi. Mimi nilichagua cha taasisi ya London iitwayo IRM, iliyoanzishwa mwaka 1986, chenye sehemu mbili, kila moja na mtihani wake. Nilijifunza usiku baada ya kazi, nikakariri fasili zote, na mtihani wa kwanza nikaanguka. Maswali hayakuuliza fasili. Yalieleza kampuni fulani na mambo yake, yakataka nichague la kufanya, nami nilijibu kila hatari peke yake kama mtunza ghala yule. Ada hulipwa kwa fedha za Uingereza. Ya kurudia mtihani ilitoka katika fedha ambazo baba aliziweka kwa ajili ya bati za nyumba. Hakunilaumu, lakini masika yale nyumba ilivuja, na nilisoma upya kwa namna nyingine: kila sura niliifanyia rejista ya chama cha korosho. Nikafaulu.

Wanaopenda benki huchukua zaidi cheti cha FRM cha chama cha GARP cha Marekani. Hicho kina hesabu nyingi. Mtihani wa kwanza una maswali 100 na wa pili 80, kila mmoja kwa saa nne, na hata ukifaulu yote miwili lazima uonyeshe miaka miwili ya kazi.

Wazazi wasiuze shamba kwa ajili ya vyeti hivi. Afadhali mtoto apate kwanza shahada au stashahada; Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kilichoanzishwa mwaka 1972 na kilichopo katika barabara ya Shaaban Robert, Dar es Salaam, hufundisha bima na usimamizi wa vihatarishi. Akiisha kupata kazi, mwajiri mara nyingine humlipia cheti. Na kazi zipo: mwaka 2012 Wizara ya Fedha ilitoa mwongozo wa kuzitaka taasisi za umma ziwe na utaratibu wa kusimamia vihatarishi, halmashauri zikiwamo.

Kwa mwanafunzi wa leo, shikeni hesabu, hasa sura ya uwezekano, ambayo wengi huiruka. Shikeni na Kiingereza, kwa kuwa mitihani niliyoitaja yataka msomaji mwepesi. Vitabu vyangu vya sehemu ya kwanza nimeviacha kwa mwalimu wa hesabu. Vina maandishi yangu ya penseli pembezoni, na makosa yangu sikuyafuta. Atakayevichukua avirudishe kabla ya kufunga shule.