Kingamwili Hazitoshi Kumbaini Mgonjwa wa Fangasi

Watu wengi wa Kampala wanakijua kipimo cha Widal. Unaingia kliniki ya mtaani na homa, unatolewa damu, majibu yanakuja chanya, unauziwa dawa za taifodi. Widal hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ukishakutana na kimelea. Kukutana naye kunaweza kuwa kulitokea zamani, na homa ya leo ikawa na chanzo kingine kabisa.

Kwa fangasi mambo ni magumu zaidi, maana hakuna anayewakwepa. Vijimbegu vya Aspergillus tunavivuta kila siku, Candida huishi matumboni mwa watu wenye afya, na Cryptococcus hupatikana kwenye kinyesi cha njiwa na udongo uliochanganyika nacho. Mtu asiyeumwa chochote anaweza kuwa na kingamwili za wote watatu.

Kasoro ya upande wa pili ni ya hatari zaidi. Mwili hutegemea sana seli za CD4 ili utengeneze kingamwili za maana, na seli hizo ndizo VVU huzimaliza. Wengi wanaolazwa Mulago au Kiruddu kwa homa ya uti wa mgongo ya Cryptococcus wana CD4 chini ya 100. Kuusubiri mwili kama huo utoe ushahidi ni kumchelewesha mgonjwa.

Ndiyo maana wodini utasikia wakiulizia CrAg. Kipimo hiki hakijali mwili umejibu nini. Hutafuta antijeni, sukari ya ganda la fangasi mwenyewe, katika damu au katika maji ya uti wa mgongo. Tangu 2011 kipo cha ukanda mdogo, na majibu hutoka kwa dakika kama 10. Utafiti wa Entebbe uliochapishwa 2002 ulionyesha kwamba antijeni huonekana katika damu siku 22 hivi kabla ya dalili, kwa wastani. Siku hizo zinatosha kumwanzishia mtu dawa kabla kichwa hakijaanza kumuuma.

Kingamwili zina kazi moja ninayoiheshimu: Aspergillus sugu katika mapafu yaliyoachiwa matundu na TB. Utafiti wa Gulu wa 2019 uliukuta ugonjwa huo kwa takriban asilimia 5 ya waliowahi kutibiwa TB. Hata hapo, piga hesabu. Chukua watu kama hao 1,000, wagonjwa wawe 50. Tuseme kipimo kinapatia mara 90 katika 100, kwa wagonjwa na kwa wazima. Kitawanasa wagonjwa 45, na pamoja nao wazima 95. Theluthi mbili ya chanya ni za uongo, na dawa yenyewe, itrakonazoli, humezwa kwa miezi sita au zaidi. Kwa hiyo daktari makini huuliza kwanza kama kikohozi kimefikisha miezi mitatu, huangalia eksirei, na hupima makohozi kuhakikisha si TB iliyorudi.

CrAg nayo isifanywe mungu. Antijeni hubaki mwilini kwa miezi baada ya fangasi kufa. Aliyetibiwa akirudi na maumivu ya kichwa, chanya yake haithibitishi kwamba ugonjwa umeamka. Itabidi achomwe sindano ya mgongo tena, na maji yaoteshwe maabara.