Kompyuta ya ofisini yaingia Los Santos

Dell OptiPlex 9020 haikuundwa kwa ajili ya starehe. Ilipoingia sokoni mwaka wa 2013, kazi yake ilikuwa kujumlisha mishahara, kuandika barua na kufungua baruapepe katika ofisi za Ulaya na Marekani. Ofisi hizo zilipoichoka, mashine za aina hiyo zilipanguswa vumbi, zikapakiwa kwenye makontena na kufika Nairobi, ambako wauzaji wa Moi Avenue huziita "ex-UK" hata kama hazikuwahi kuiona Uingereza. Leo utazikuta chini ya meza za kusomea katika nyumba za Loresho, mtaa wa miti mirefu na nyua pana kando ya Barabara ya Waiyaki, na vijana wanaozitumia hawana mishahara ya kujumlisha. Wanataka kuingia Los Santos.

Los Santos ni jiji la kubuni lililofananishwa na Los Angeles, na ndilo uwanja wa Grand Theft Auto V, gemu ya kampuni ya Rockstar Games. Iliingia kwenye kompyuta tarehe 14 Aprili 2015, na kwa karibu miaka 10 haikuwa na makuu: prosesa ya Core 2 Quad ya mwaka wa 2007 na RAM ya GB 4 zilitosha kuifungua. Kizazi kilichokulia San Andreas, gemu ya awali ya mfululizo huohuo, katika vibanda vya PlayStation kilihamia GTA Online, sehemu inayochezwa na watu wengi pamoja kupitia intaneti, bila kugharamika sana.

Mambo yaligeuka tarehe 4 Machi 2025. Siku hiyo Rockstar iliigawa gemu mara mbili: toleo la zamani likabaki kwa jina la Legacy, na jipya likaitwa Enhanced. Aliyekuwa na la zamani alipewa jipya bila malipo, ukarimu ambao haukukosa mtego, kwa sababu wachezaji wa matoleo hayo mawili hawawezi kukutana mtandaoni. Marafiki wakihama, nawe ukabaki na mashine isiyoweza kuwafuata, unabaki ukizurura Los Santos na wageni.

Toleo jipya linataka nini? Kwa uchache, prosesa ya Core i7-4770, RAM ya GB 8 iliyogawanywa katika vipande viwili, kadi ya grafiki yenye GB 4 mfano wa GTX 1630, na nafasi ya GB 105 kwenye SSD, yaani diski isiyozunguka. Anayeisoma orodha hiyo kwa haraka hukata tamaa. Anayeisoma polepole hugundua kwamba i7-4770 ni prosesa ya mwaka wa 2013, na kwamba ni miongoni mwa zile ambazo Dell yenyewe ilizifunga ndani ya 9020. Mashine ile ya mtumba imesimama mlangoni kabisa. Inahitaji kusukumwa kidogo tu, mradi isukumwe kutoka upande ulio sahihi.

Kabla ya kuendelea, neno kwa wazazi. Barani Ulaya gemu hii imepewa alama ya PEGI 18, yaani ni ya watu wazima, na alama hiyo haikuwekwa kwa mzaha. Mwanafunzi wa chuo katika kampasi ya Upper Kabete, jirani kabisa na Loresho, ana uhuru wa kuicheza. Mdogo wake wa shule ya msingi anayechungulia begani pake ni suala jingine.

Wengi wakitaka kuboresha kompyuta hukimbilia kadi ya grafiki. Wauzaji wanalijua hilo, na kadi ndiyo hupangwa mbele ya kioo. Lakini kwenye mashine ya umri huu kidonda cha kwanza ni diski. Kama bado ina diski ngumu ya kuzunguka, Windows yenyewe huamka kwa kujikokota, seuze jiji zima lenye barabara, magari na watembea kwa miguu ambalo gemu hulisoma kutoka kwenye diski huku mchezaji akiendesha kwa kasi. Ndiyo maana toleo jipya halipendekezi SSD, linaidai. SSD ya kawaida yenye waya wa SATA huingia ndani ya 9020 bila ubishi, na hata kama mradi mzima utaishia hapo, kompyuta ya nyumbani itakuwa imepona ugonjwa wake mkubwa.

Hata hivyo si kila uzito ni wa mashine. Kwa miaka mingi GTA Online ilijulikana kwa kuwasubirisha watu dakika kadhaa kabla ya kuwafungulia. Wachezaji walilaumu kompyuta zao, wakanunua vipuri, wakaendelea kusubiri. Mwishoni mwa Februari 2021, mtaalamu wa programu anayejiita t0st aliamua kuichunguza gemu yenyewe. Kompyuta yake haikuwa ya kifahari: prosesa ya AMD FX-8350 na RAM ya DDR3, kizazi kilekile cha RAM kinachotumiwa na 9020. Aligundua kwamba wakati wa kufunguka, gemu ilikuwa ikisoma faili la ukubwa wa MB 10 hivi lenye orodha ya bidhaa zaidi ya 60,000 za kununuliwa ndani ya mchezo, na kila ilipochukua kipande kimoja ilianza tena kupima urefu wa maandishi yaliyobaki. Kisha ililinganisha kila bidhaa na zilizotangulia, moja baada ya nyingine. Kazi yote hiyo ilibebwa na kiini kimoja tu cha prosesa huku vingine vikiwa vimekunja mikono. Aliandika kiraka chake mwenyewe, na muda wa kusubiri ukashuka kutoka dakika 6 hadi chini ya dakika 2. Rockstar ilikubali, ikamlipa dola 10,000, na mwezi Machi ikatoa marekebisho kwa wachezaji wote. Kuna watu walionunua prosesa mpya kwa sababu ya kosa ambalo halikuwa lao wala la prosesa.

Turudi ndani ya sanduku. RAM ndiyo kazi rahisi kuliko zote. 9020 hutumia DDR3, aina ambayo kompyuta mpya zimekwisha kuiacha, na hilo kwa sasa lina nafuu yake. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM mpya duniani imepanda vikali kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili unde. Tarehe 3 Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, jina ililouzia RAM kwa watu wa kawaida kwa miaka mingi. Vipande vya DDR3 hutolewa kwenye mashine zilizokufa, na fundi wa mjini mara nyingi huwa navyo kwenye droo. Cha kuzingatia ni kununua viwili vinavyofanana. Vipande viwili vya GB 4 huipa prosesa njia mbili za kupitishia data kwa wakati mmoja. Kipande kimoja cha GB 8 huiachia moja. Ukubwa ni uleule, mwendo si uleule.

Kama mashine ilikuja na Core i5-4590, prosesa nayo inaweza kubadilishwa. Prosesa hiyo na i7-4770 hukaa kwenye soketi moja, na zote mbili zimekadiriwa wati 84, kwa hiyo feni iliyopo inatosha. Tofauti yao ni kwamba i7 ina viini 4 vinavyoshughulikia kazi 8 kwa mpigo, wakati i5 hushughulikia 4. Gemu ya jiji lenye watu na magari huipenda tofauti hiyo. Lililo muhimu ni kufuta ile gundi ya joto iliyokauka tangu enzi za ofisi na kupaka mpya, na kupuliza vumbi.

Sasa panapouma. 9020 ilitengenezwa kwa maumbo kadhaa, na umbo ndilo litakaloamua kama safari ina maana. Ile ya mnara hupokea kadi ya urefu wa kawaida na ina pawa saplai ya wati 290. Ile nyembamba, inayolazwa chini ya kioo cha kompyuta, ina wati 255 na hukubali kadi fupi za nusu kimo tu. Tena iwe nyembamba, maana kadi nene hugongana na sanduku la pawa saplai lililo pembeni. Ile ndogo kabisa inayotoshea kiganjani haina nafasi ya kadi kamwe. Mwenye hiyo ndogo asipoteze nauli.

Tena pawa saplai yenyewe si ya kawaida. Kompyuta nyingi za kujiundia hutumia plagi ya pini 24. Dell iliweka yake ya pini 8, na HP nayo katika EliteDesk za enzi hizo ilifuata njia yake. Ukinunua pawa saplai yoyote ile kutoka rafu ya dukani haitaingia bila waya wa kubadilishia. Hapo ndipo mipango mingi huvunjika: kijana ananunua RX 580 iliyotumika kwa sababu ni rahisi na ina nguvu, anafika Loresho, anakuta kadi inataka wati 185 na waya wake wa pini 8 ambao ndani ya 9020 haupo.

Njia salama ni kadi inayokula wati 75 au pungufu, kwa sababu kiasi hicho hupitia kwenye nafasi ya madabodi bila waya wa ziada. Kwa miaka mingi kipenzi cha kazi hii kilikuwa GTX 1050 Ti ya mwaka wa 2016, na bado inauzwa. Kwa gemu hii, si ya kununua tena. Nvidia ilitoa draiva ya mwisho ya gemu kwa kizazi hicho mwishoni mwa 2025, na kilichobaki ni marekebisho ya usalama tu. GTX 1650 ya mwaka wa 2019 ni ya kizazi kinachofuata, ambacho bado kinahudumiwa, na inaizidi GTX 1630 iliyotajwa na Rockstar. Iangaliwe tu isiwe ya toleo lenye kudai waya wa umeme. Kwa sanduku jembamba ipo RX 6400, ambayo hupatikana fupi na nyembamba, ingawa ilibuniwa kwa madabodi za kisasa na kwenye 9020 hupoteza sehemu ya kasi yake.

Na kuna kadi za bandia. Kadi ya zamani hubandikwa stika mpya na programu yake ya ndani hughushiwa ijitambulishe kwa jina lisilo lake. Dawa ni GPU-Z, programu ya bure inayosoma chipu yenyewe, na tangu 2018 huandika wazi inapokuta kadi ya kughushi. Muuzaji mwaminifu hatakataa uichomeke na kuipima palepale kaunta.

Baada ya vipuri, intaneti. Kupakua GB 105 kwa laini ya Mbps 10 huchukua zaidi ya saa 23 hata kama kasi haitayumba; anza usiku, na uombe stima isipotee. Lakini kucheza kwenyewe hakuli data nyingi. Kinachohitajika ni data ifike haraka, na hapa GTA Online ina tabia yake: Rockstar huwakutanisha wachezaji, kisha kompyuta zao huzungumza zenyewe kwa zenyewe. Ukicheza na mtu wa Dubai, data husafiri chini ya bahari. Ukicheza na rafiki wa Kangemi au Lavington, inaweza kubaki humuhumu nchini kupitia KIXP, kituo ambako kampuni za intaneti za Kenya hubadilishana data. Wanaokumbuka Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na Afrika Kusini na intaneti ikadorora Afrika Mashariki, wanajua thamani ya kucheza na jirani.

Mpaka wa mradi huu ujulikane mapema. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. 9020 ni kizazi cha 4 na TPM yake ni 1.2. Siku nne kabla ya tarehe hiyo ilitoka Battlefield 6, nayo ilidai Secure Boot, TPM 2.0 na kadi isiyo chini ya RTX 2060. Kwa gemu za aina hiyo hakuna RAM wala SSD itakayoiokoa mashine hii, na anayekuuzia vipuri akikuahidi vinginevyo anakudanganya. Kwa toleo la Enhanced, mnara wenye i7, RAM ya vipande viwili, SSD na GTX 1650 unatosha kucheza vizuri kwa mipangilio ya chini na ya kati. Zaidi ya hapo, weka akiba ununue kompyuta nyingine.

Kabla ya kupanda matatu kwenda mjini, zima mashine, fungua ubavu wake, upige picha ya lebo ya pawa saplai, ya nafasi ya kadi na ya soketi za RAM. Mwonyeshe muuzaji picha hizo kabla hujamuuliza bei. Akizipuuza na kukuuliza tu umebeba shilingi ngapi, nenda duka la pili. Pale Moi Avenue maduka hayaishi.